Taarifa ya mnada wa korosho isifiche tani

Mfanyabiashara wa Kilindoni anayetaka kujua mnada wa korosho mkoani Pwani umekwendaje hana haja ya kuvuka bahari. Taarifa humfikia kwenye simu, mara nyingi ikiwa faili la PDF lililokwisha kupita kwa watu kadhaa. Kwa karatasi hiyo mwenye duka hupima amkopeshe mkulima kiasi gani, na mkulima hupima deni atakaloweza kulilipa.

Tangu msimu wa 2024/25, minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Katika mfumo wa namna hiyo kila loti ina uzito wake na bei yake ndani ya hifadhidata. Programu ya kutoa taarifa huchota safu zinazotakiwa, huzipanga kwenye fomu na kutengeneza faili. Anayeamua ni safu zipi zichotwe ndiye anayeamua msomaji ajue nini.

Hapo ndipo penye matatizo. Taarifa nyingi zinazosambaa hutaja bei ya juu na bei ya chini tu. Tuseme tani 90 zimeuzwa kwa Sh 3,000 kwa kilo na tani 10 kwa Sh 3,400. Msomaji atakata katikati na kupata Sh 3,200, ilhali wastani halisi ni Sh 3,040. Kwa mzigo wa tani 10, tofauti hiyo ni Sh 1,600,000. Kwa duka la kisiwani huo ni mtaji.

La pili ni saa. Adobe ilipoitoa PDF mwaka 1993 ilikusudia ukurasa ubaki vilevile katika kila mashine. Ni sifa nzuri, lakini hifadhidata ikisahihishwa jioni, faili la asubuhi halibadiliki. (Wapo wanaolipiga picha na kukata sehemu ya juu yenye tarehe. Hao hatuna la kuwaambia.)

Kwa maoni yetu, kila taarifa ya mnada ionyeshe tani za kila loti, wastani uliopimwa kwa uzito, na saa ambayo takwimu zilichotwa. Hakuna mashine mpya ya kununua, kwani takwimu zimo tayari. Kwa sasa, msomaji anayeletewa bei mbili bila tani aulize chama chake cha msingi kabla ya kuandika deni daftarini.