Jambazi, Askari na Jicho la Kamera

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefunzwa kwamba kabla ya kumhukumu mhusika yeyote, sharti kwanza tumjue anayesimulia, tujue amesimama wapi na ni kipi alichochagua kutokisema. Swali hilo tunaliuliza tunaposoma riwaya na tendi. Tukiketi mbele ya filamu, aghalabu tunalisahau, tukaiachia kamera ituongoze kama mtoto aliyeshikwa mkono. Makala haya yanakusudia kulirejesha swali hilo kwa kuzitazama filamu mbili za Marekani zinazosimulia kisa kimoja: Bonnie and Clyde, iliyoongozwa na Arthur Penn mwaka 1967, na The Highwaymen, iliyoongozwa na John Lee Hancock mwaka 2019. Ya kwanza inaandamana na majambazi. Ya pili inaandamana na askari waliowasaka. Wapo wanaoshikilia kwamba ya pili imekuja kuisahihisha ya kwanza. Mimi sikubaliani nao. Kwa maoni yangu, kila moja inapotosha mahali palepale ambapo sheria ilistahili kuhojiwa, na upotoshaji wa ile ya pili ndio mzito zaidi, japo umevalishwa joho la heshima.

Kisa chenyewe ni cha miaka ya Mdororo Mkuu wa Uchumi. Kufikia mwaka 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi, na maelfu ya benki yalikuwa yamefunga milango pamoja na akiba za watu. Clyde Barrow na Bonnie Parker, vijana wa mitaa ya makabwela huko Dallas, Texas, waliingia katika ujambazi wakati huo, na genge lao likaua watu wapatao 13, wengi wao wakiwa askari. Tarehe 23 Mei 1934, maafisa sita wakiongozwa na Frank Hamer waliwavizia kando ya barabara karibu na Gibsland, Louisiana, wakaimiminia gari lao risasi zipatazo 130. Bonnie alikuwa na umri wa miaka 23, Clyde 25. Mtego uliwezekana kwa sababu baba wa Henry Methvin, mwenzao katika genge, alikubali kuwasaliti ili mwanawe asamehewe huko Texas. Msomaji wa tendi za pwani yetu atamkumbuka Fumo Liyongo, aliyeangamizwa na mwanawe wa kumzaa. Hapa baba ndiye aliyewatoa rafiki za mwanawe ili mwana aponee.

Penn alikitwaa kisa hiki akakifanya cha mapenzi na uasi. Warren Beatty na Faye Dunaway ni wazuri wa sura, wachangamfu, wenye maneno ya mzaha. Katika onyesho moja mashuhuri, mkulima aliyenyang'anywa nyumba yake na benki anapewa bastola na Clyde ili alipige risasi bango la benki hiyo. Onyesho hilo linagusa, nami sioni haya kukiri kwamba lilinigusa. Hata hivyo, genge la Barrow lilizoea zaidi kupora maduka madogo na vituo vya petroli kuliko benki, na mwenye duka dogo wakati wa Mdororo hakuwa bepari. Tena Bonnie wa kweli alichomeka vibaya mguu katika ajali ya gari karibu na Wellington, Texas, Juni 1933, asitembee sawasawa tena. Bonnie wa Penn hachechemei.

Dhuluma kubwa ya filamu hiyo ilimwangukia Hamer. Anaigizwa na Denver Pyle kama mhusika bapa, mwenye masharubu na uso wa kisirani. Anakamatwa na genge, anatiwa pingu, anapigwa picha huku Bonnie akimfanyia dhihaka, kisha anasukumwa majini ndani ya mashua. Tangu hapo msako wake unakuwa kisasi cha mtu aliyefedheheshwa. Hakuna lolote katika hayo lililotokea. Hamer, aliyekuwa amekwisha kuacha kazi katika kikosi cha Texas Rangers, aliajiriwa kwa kazi hiyo Februari 1934, na hakuwahi kukutana ana kwa ana na Bonnie wala Clyde hadi asubuhi ya mvizio. Mjane wake na mwanawe waliishtaki kampuni iliyoitengeneza filamu, na mwaka 1971 wakalipwa kwa maafikiano nje ya mahakama. Hapa pana funzo kwetu tunaopenda kusema kwamba mwandishi hufa pindi kazi inapomfikia msomaji. Nadharia hiyo ni rahisi kuitetea darasani. Ni vigumu kumtetea mbele yake mwanamke anayetazama mumewe, aliyefariki mwaka 1955, akitemwa hadharani kwa jina lake halisi.

Yafaa kuongeza kwamba Hollywood haijawahi kuwa na ugumu wa kubadilisha upande. James Cagney alikuwa jambazi katika The Public Enemy mwaka 1931. Mwaka 1935, walinzi wa maadili walipokwisha kuwabana watengenezaji filamu, alikuwa afisa wa serikali katika G Men. Uso ni ule ule, bunduki ile ile, ukali ule ule. Kilichobadilika ni beji.

The Highwaymen ilikuja na ahadi ya kumrudishia Hamer heshima yake. Kevin Costner anamwigiza Hamer aliyezeeka, anayetweta akikimbia, na Woody Harrelson ni Maney Gault, mwenzake anayesumbuliwa na kumbukumbu za watu aliowaua. Hao ni wahusika duara kwelikweli. Kwa upande wa pili, Bonnie na Clyde karibu hawana nyuso. Tunaona kiatu, mguu unaoburutwa, kisogo, mkono ulioshika bunduki. Mbinu hiyo ilisifiwa, na naelewa kwa nini: inatunyima nafasi ya kuwapenda. Lakini kumnyima mhusika uso ni kumnyima pia uwezo wa kutuuliza lolote. Tena filamu inauonyesha mguu huo ukielekea kwa askari aliyelala chini amejeruhiwa, na Bonnie akimmaliza. Hiyo inatokana na ushahidi wa mtu mmoja kuhusu mauaji ya Grapevine ya Aprili 1934, ushahidi ambao wanahistoria waliuona kuwa hauaminiki. W. D. Jones, kijana aliyeishi na genge hilo kwa miezi, alishikilia kwamba hakuwahi kumwona Bonnie akifyatua risasi kumlenga askari. Kwa hiyo aliyezushiwa mwaka 1967 ni askari. Mwaka 2019 ikawa zamu ya jambazi.

Ninalolilalamikia zaidi, hata hivyo, ni upeo wa filamu hiyo. Hamer anajitokeza barabarani mbele ya gari na kuwaamuru wajisalimishe. Wawili hao wanatazamana, wananyoosha mikono kuelekea silaha, ndipo risasi zinapoanza. Masimulizi ya maafisa waliokuwapo hayalingani katika kila jambo, lakini maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba naibu sherifu Prentiss Oakley alifyatua kwanza, kabla ya amri yoyote kutolewa. Mtu anaweza kujenga hoja kwamba haikuwezekana kufanya vingine: Clyde alikuwa amekwisha kuponyoka mitego kadhaa kwa kuua. Hoja hiyo inastahili kusikizwa. Filamu haikuijenga, iliikwepa kwa kutunga onyo. Penn, pamoja na makosa yake yote, hakulikwepa jambo hilo. Katika upeo wake ndege wanaruka kutoka kichakani, wapenzi wanatazamana kwa nukta chache, kisha miili inatetemeshwa na risasi kwa mwendo wa polepole hata mtazamaji anatamani yaishe. Hakuna onyo. Palipo na swali zito kuliko yote, la dola kuua bila kuonya, mzushi ndiye aliyesema kweli, na msahihishaji ndiye aliyezusha.

Zote mbili zinaligusa juu juu shamba la magereza la Eastham. Clyde aliteswa huko, na mwaka 1932 akakatwa vidole viwili vya mguu ili akwepe kazi za sulubu. Januari 1934 alirudi kuwatorosha wafungwa, mlinzi mmoja akauawa. Na Lee Simmons, mkuu wa magereza ya Texas, ndiye aliyemwajiri Hamer. Yaani mkuu wa taasisi iliyomkomaza Clyde ndiye aliyemlipa aliyemmaliza. Kinaya kama hicho mwandishi yeyote wa tamthilia angekilipia. Penn anavitumia vidole kama kichekesho, naye Hancock anaanza na utoro huo bila kuuliza kilichomrudisha Clyde kwenye ua wa gereza alilolichukia.

Public Enemies ya Michael Mann, ya mwaka 2009, inayomhusu John Dillinger, sitaikalia. Inatosha kusema kwamba inamfanya Melvin Purvis amuue Pretty Boy Floyd kabla ya Dillinger kufa, ilhali Dillinger aliuawa Julai 1934 na Floyd Oktoba. Wafu wamepangwa upya ili mwindaji aingie jukwaani akiwa na sifa.

Nimetaja Grapevine. Askari wawili wa barabara kuu waliouawa hapo siku ya Pasaka waliitwa Edward Wheeler na H. D. Murphy. Murphy alikuwa karibu kufunga ndoa, na mchumba wake alihudhuria mazishi akiwa amevaa gauni la harusi. Katika filamu ya Penn mauaji hayo hayamo kabisa. Katika ya Hancock yamo, kisha kamera inageuka upesi kuwafuata wazee wawili ndani ya gari lao, kwa kuwa wao ndio majagina, na safari lazima iendelee.