Redio ya nyumbani, na mtoto yuko Montréal

Wiki hii naacha mambo ya jikoni na karo za watoto. Nataka kujibu swali ambalo mama mmoja wa Kadutu aliniuliza Alhamisi, tulipomaliza likelemba, tukiwa mlangoni tunangojea mvua ipungue: "Mama, ile redio inayosema hapa, kule Montréal inafika?"

Binti yake yuko kule mwaka wa nne sasa. Mwezi uliopita mama huyo alialikwa katika redio moja ya mtaa aeleze biashara yake ya sambaza. Aliongea nusu saa nzima, na mwishoni akawasalimia wajukuu wake kwa majina, mmoja mmoja, hata yule ambaye bado hajamwona. Binti alikuwa kazini, hakusikia kitu. Akaomba atumiwe kipindi. Mama akapanda moto hadi redioni, wakamwambia kompyuta ilikuwa imejaa, vipindi vya zamani wamevifuta. Akarudi mikono mitupu, na moto amelipa kwenda na kurudi.

Sasa jibu. Mawimbi ya FM hayavuki bahari. Kwetu Bukavu hata mlima mmoja unatosha kuyazuia, wale wa Panzi na Nguba wanajua. Mtoto aliye mbali anasikia tu ile redio inayopita pia kwenye intaneti. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, ina ukurasa wake, na anaweza kuisikiliza moja kwa moja kule aliko. RFI Kiswahili, iliyoanza 2010, DW na BBC nazo zina sauti za Kiswahili kwenye kurasa zao. Redio ndogo za mtaa ndizo zinazotofautiana: moja iko kwenye intaneti, nyingine haiko. Basi siku wanapokualika uongee, uliza kwanza hilo, kabla hata ya kuuliza saa.

Na saa yenyewe uihesabu vizuri, maana watu wengi wanakosea hapo. Ikiwa hapa Bukavu ni saa moja jioni, yaani 19:00, kule Montréal ni saa saba mchana wakati wa joto, na saa sita mchana wakati wa baridi, kwa sababu wao wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi. Hata Kinshasa si sawa na sisi. Redio ya kule ikisema saa moja, kwetu tayari ni saa mbili. Mtoto anafungua simu saa aliyoambiwa, anakuta muziki, anadhani mama amemdanganya.

Kuna wanaouliza habari za parabole. Shemeji yangu alibeba dekoda yake kutoka Kinshasa hadi Canada, imefungwa ndani ya vitenge, akiamini ataona na kusikia stesheni zote za nyumbani. Alinunua sahani huko, akapanda kibarazani kwenye baridi, akazungusha siku mbili. Hakupata kitu, na majirani wakaanza kumwogopa. Sababu ni kwamba satelaiti inakaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36.000 kutoka ardhini, haihami mahali pake, na inamulika upande mmoja tu wa dunia, kama taa ya mezani inavyomulika meza na kuacha kona gizani. Ile inayomulikia Afrika ya Kati, kwa mtu aliye Canada iko chini ya upeo wa macho au imempa mgongo. Kwa sisi tulio hapa parabole inasaidia sana: dekoda nyingi zina stesheni za redio pamoja na televisheni, hazili mega hata moja, na zile zenye tundu la flash mara nyingi zinaweza kurekodi. Lakini aliye ng'ambo asipoteze pesa. Atumie intaneti.

Haya, mega. Redio ya kawaida kwenye intaneti inakula karibu mega 29 kwa saa moja. Ile yenye sauti safi zaidi inakula kama 58. Mtoto wa Montréal mwenye wifi nyumbani hajali, lakini mimi na wewe tunajali. Ndiyo maana ni afadhali kupakua kipindi kuliko kukisikiliza moja kwa moja. Kipindi cha nusu saa ni kama mega 14 au 15, unakivuta mara moja pale ulipo na mtandao mzuri, kisha unakisikiliza hata mara kumi bure, hata umeme ukikatika na mtandao ukipotea. Tafuta alama ya mshale unaoelekea chini. Ukiona picha zinacheza, funga, hiyo ni video na itamaliza forfe yako kabla habari hazijaisha.

Na kikishapakuliwa, usikiache hapohapo. Kwenye baadhi ya programu za simu kinakaa ndani ya programu yenyewe, ukiifuta na kipindi kimekwenda. Kihamishe kwenye kadi ya memori au flash. Usitegemee kwamba utakikuta tena kwenye intaneti mwaka ujao. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza ghafla, redio kubwa namna ile, sembuse yetu ya mtaa.

Kama redio haiko kwenye intaneti kabisa, bado kuna njia, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Simu nyingi za bei ndogo zina FM ndani. Unachomeka ekuta za waya, maana ule waya ndio antena yake, unatafuta stesheni, na mara nyingi kuna kitufe chekundu cha kurekodi. Kama simu yako haina, weka redio mezani, weka simu nyingine mkono mmoja kutoka hapo, fungua kinasa sauti, na uweke simu katika hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Funga mlango. Mbali na jenereta, mbali na watoto wanaoosha sufuria. Jaribu kwanza dakika mbili, usikilize, ndipo uendelee. Ukimtumia mtoto kwa WhatsApp, itume kama dokima, sauti inafika kama ilivyo.

Jambo moja nawaomba kwa moyo. Kila mnachohifadhi kiandikeni tarehe na jina la redio. Mwanzoni mwa 2025, mapigano yalipofika Goma na kisha Bukavu, watoto wetu wa ng'ambo walikuwa wanalala na simu sikioni. Mmoja wa familia yangu alitumiwa sauti ya redio ikitaja mtaa wetu, na ilikuwa ya zamani, mtu ameirudisha bila tarehe. Alilia usiku mzima, anapiga simu hazipiti. Sisi tulikuwa tumeketi ndani, wazima, tunakula maharage. Tangu hapo sauti isiyo na tarehe siipitishi kwa mtu, hata ikitoka kwa yaya wangu mwenyewe.

Yule mama wa Kadutu hakukata tamaa. Amerudi redioni, amewaambia wazi kwamba ana mengine ya kusema juu ya sambaza, na wamempa nafasi Jumamosi hii saa tisa mchana. Kijana wa jirani atarekodi kwa simu ya FM, mimi nitarekodi nyumbani kwangu kwa njia ya redio mezani, na mama mwingine wa Ibanda ameahidi kufanya vilevile, kama umeme wa SNEL utakuwepo au hautakuwepo. Kule itakuwa saa za asubuhi na binti yuko zamu, hatasikia. Atakuta kipindi kwenye simu akitoka kazini. Wajukuu wametajwa tena kwenye orodha, mama ameiandika kwenye karatasi asimsahau yeyote.