Daftari la Wiki: Umri wa Pambo Hausomwi Usoni

*Mwaka 1780.* Muuza vitu vya kale wa Mji Mkongwe amenionesha mkufu wa fedha wenye riale ya Maria Theresa. "Soma mwenyewe mjomba, 1780!" Mwaka upo kweli, lakini hauthibitishi kitu. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huo, na riale zake ziliendelea kugongwa kwa tarehe ileile: Vienna, na katika miaka ya 1930 hata Roma na London. Huko Zanzibar na Oman, riale hiyo ilikuwa fedha ya kununulia na pambo pia. Atakaye umri wa mkufu aanze na kitanzi kilichochomelewa kwenye riale, kisha atazame sura ya malkia ilivyolika kwa kuvaliwa.

*Tundu la ushanga.* Rangi hudanganya, kwa hiyo chukua lenzi. Mapovu na mistari ikinyooka sambamba na tundu, kioo kilivutwa kikawa mrija, ndipo kikakatwa vipande. Ikizunguka tundu, kioo cha moto kilivingirishwa kwenye waya. Shanga ndogo za kuvutwa, kutoka India, zimefukuliwa Kilwa. Zile nyekundu zenye kiini cheupe ni za Ulaya. Misafara ya karne ya 19 ilizipeleka bara, zikiitwa samesame.

*Pangoni Kilifi.* Pango la Panga ya Saidi limetoa ushanga wa gamba la konokono wa baharini, wenye umri wa miaka kama 33,000. Umri huo umejulikana kwa tabaka la udongo ulimokutwa. Angeuokota mpita njia akautia mfukoni, leo tungekuwa na kigamba chenye tundu, basi.

*Masikio ya picha.* Katika picha za kale za studio za Zanzibar, wanawake wamevaa majasi, mengine ya karatasi za rangi zilizokunjwa duara. Karatasi huoza. Mchimbaji asiyezijua picha hizo angeapa kwamba masikio yale yalikuwa matupu. Kilichofukuliwa ni sehemu tu ya kilichovaliwa.

*Kwako msomaji.* Kama kwenu kuna kipini, furungu au kidani cha bibi, usikimbilie kwa sonara kukiyeyusha, wala usikisugue mpaka alama za kuvaliwa zifutike. Kipige picha. Andika nani alikivaa, katika shughuli gani, na nani alimpa. Bibi akiwa hai, muulize wiki hii.