Msitugawie Dawa Mkiwa Mabubu

Juu ya bahasha ndogo ya karatasi kalamu imeandika "2x4". Basi. Hiyo ndiyo elimu yote anayoondoka nayo mgonjwa kwenye dirisha la dawa huku kwetu Kalemie. Viwili mara nne, au vinne mara mbili? Wa kukisia ni mvuvi wa Kabimba ambaye usiku huu yuko ziwani, au mke wa kibarua wa kiwanda cha simenti mwenye watoto wenye homa nyumbani.

Na dawa yenyewe ni ya malaria! Artemetha-lumefantrini kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mkupuo, mara mbili kwa siku, siku 3, na dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza. Tena inataka chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauipokei vizuri. Mawese tunayo, ndagaa tunao, bukari ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: kula kwanza, ndipo unywe. Asipoambiwa, anakunywa na njaa, homa ikishuka anaweka vilivyobaki kwa ajili ya mtoto, na ugonjwa ukirudi tunalaumu dawa. Hata pakiti ya ORS, ya kumrudishia maji anayehara, katika Kalemie hii inayojua kipindupindu vizuri mno, ni ya lita moja ya maji safi. Mpe mama bila neno, ataikoroga kikombeni na kumnywesha mtoto chumvi.

Mnaodhani natia chumvi, kumbukeni yaliyotokea Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo yetu. Kuanzia mwishoni mwa 2014 watu walifikishwa hospitalini shingo zimepinda, macho yamegeuka, ulimi umetoka nje. Ikadhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Walipita 1,000. Vidonge walivyouziwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa onyo. Swali la "umekunywa dawa gani, nionyeshe" halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji muuguzi anayejua dawa inaweza kuumiza, na anayejua inavyoumiza.

Nitaambiwa: huyo muuguzi analipwa nini? Kweli kabisa, na hapo ndipo hasira yangu inapoelekea Kinshasa. Wauguzi wengi wa nchi hii hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa pesa za wagonjwa. Ukimlisha mtu kwa sanduku la dawa, atauza dawa. Sindano inaleta pesa, maelezo hayaleti. Serikali imemgeuza muuguzi kuwa mchuuzi, kisha inashangaa akifanya biashara.

Lakini umaskini haukati ulimi. Kumwambia mgonjwa "nirudilie, utakunywaje?" na kusubiri jibu kunachukua dakika moja. Ujuzi wa dawa sahihi, kipimo, njia, saa na mgonjwa sahihi haukufundishwa ili ubaki kwenye daftari la shule. Mwenye diploma anayenyamaza dirishani hana tofauti na muuza vidonge wa sokoni, isipokuwa koti jeupe.

Nawe mgonjwa, usitoke pale mpaka uambiwe jina la dawa, vidonge vingapi, saa ngapi, siku ngapi, na dalili gani ikurudishe mbio. Wakikukasirikia, waache wakasirike. Simama hapohapo.