Flashi haitoshi, na wingu peke yake halitoshi

Wiki hii mwenzetu wa chumba cha habari ameibiwa laptopu ndani ya daladala. Begi lilichanwa kwa wembe upande wa chini katika msongamano wa jioni, akashuka kituoni akiwa amebeba ganda. Laptopu hununuliwa nyingine. Kilichomliza ni mahojiano ya miaka minne na picha za marehemu baba yake. Nakala ya vyote hivyo alikuwa nayo, kwenye flashi, na flashi ilikuwa mfuko wa pembeni wa begi hilohilo.

Hiyo flashi ndiyo iliyotufanya tuandike. Watu wetu hawapuuzi kuweka nakala. Pita steshenari yoyote ya jirani na chuo wakati wa kukusanya tasnifu, utaona flashi zimefungwa kwa kamba ya kiatu pamoja na ufunguo wa hosteli. Ila faili na nakala yake vinalala chumba kimoja na kusafiri kwenye begi moja, basi mwizi au maji ya mafuriko yakifika, vinakwenda pamoja. Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: mafaili unayoyajali yawe na nakala mtandaoni, huko kunakoitwa wingu, na kazi hiyo ianze leo.

Kwa hati za kawaida, gharama si kikwazo. Google inatoa GB 15 bila malipo, ukijumlisha barua pepe na picha. OneDrive ya Microsoft inatoa GB 5. Tasnifu, vyeti vilivyoskaniwa, hati ya kiwanja na mahesabu ya duka vitaenea humo na nafasi ibaki. Picha na video ni mzigo mwingine. Kupandisha GB 50 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde kunachukua zaidi ya saa 55, na bei ya bando kila mtu anaijua. Tanguliza hati, picha zifuate kidogokidogo.

Lakini wingu nalo lina anwani. Ni jengo lenye mashine, nyaya na betri, na majengo huungua. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale. Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Ukaangamiza hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, TB 858, isiyokuwa na nakala kwingineko. Hata jengo likisalimika, njia ya kulifikia inaweza kukatika: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama ile, mwenye faili huko juu tu alikuwa anatazama kiduara kikizunguka kwenye skrini.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliwafundisha wenzake kanuni ya hesabu tatu: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni laptopu, diski ya nje inayobaki kabatini nyumbani, na wingu. Tunaiunga mkono kanuni hiyo kama ilivyo.

Kuna mtego ambao mafundi wengi hawauelezi wanapokuwekea programu hizi. Mara nyingi unachowekewa ni folda iliyounganishwa na wingu, inayofuata kila unachofanya. Mtoto akifuta folda kwenye laptopu, na huko juu inafutika. Google Drive huacha kilichofutwa kwenye pipa lake siku 30, kisha hakirudi. Virusi vinavyofunga mafaili ili udaiwe fedha vikiingia, yaliyofungwa ndiyo yanayopanda kuchukua nafasi ya mazima. Hapo ndipo ile diski ya kabatini inapookoa, mradi usiiache imechomekwa mwezi mzima.

Na ufunguo wa wingu lako anao nani? Tunauliza kwa uchungu, kwa kuwa tumeona mara nyingi. Kijana anakwenda steshenari kuomba mkopo wa masomo au ajira, mhudumu anamfungulia barua pepe, anaweka neno la siri analojua yeye, na namba ya simu ya uthibitisho inakuwa ya mhudumu. Mwingine alisajili kwa laini aliyoiacha zamani, na sasa laini hiyo imeuzwa kwa mtu mwingine. Ingia leo kwenye akaunti yako. Badilisha neno la siri, weka namba unayoitumia, kisha shusha faili moja kwenye kompyuta ambayo si yako, uone kama linafunguka. Akaunti usiisahau pia: Google hujipa haki ya kufuta akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili.

Vyuo vina wajibu hapa. Mwanafunzi afundishwe haya kabla hajaandika sura ya kwanza, na akihitimu apewe muda wa kutosha kuhamisha kazi zake kabla akaunti ya chuo haijafungwa.

Mwenzetu amepata laptopu ya kuazima. Mahojiano yaliyopatikana ni yale tu aliyowahi kumtumia mhariri kwa barua pepe. Picha za baba yake hakuwahi kumtumia mtu.