Njia ya Baiskeli Ipite kwa Mwenyeji

Kila kiangazi kinapofika, kati ya Juni na Septemba, barabara ya Mutukula huleta Bukoba wageni wa namna ya pekee. Hawaji kwa basi wala kwa ndege. Huja juu ya baiskeli, mizigo imefungwa huku na huku ubavuni mwa magurudumu, nyuso zimebabuka kwa jua, na wakipandisha mlima huhema kama tunavyohema sisi sote. Hulala mjini usiku mmoja, hununua ndizi na maji, na kulipopambazuka hushika lami kuelekea Muleba na Biharamulo. Wamepita katikati ya nchi ya Wahaya na hawakuiona, kwa kuwa lami haikuchorwa ili imwonyeshe mtu nchi. Ilichorwa kwa ajili ya malori.

Tumelitafakari jambo hili kwa muda, na sasa tunalisema. Mkoa wa Kagera unastahili kuwa na njia za baiskeli za watalii, zilizopangwa, zenye vibao, zinazoanzia mjini Bukoba na kupita vijijini. Lakini hatutaki njia hizo zitengenezwe kwa ajili ya mgeni. Tunataka zitengenezwe kwa ajili ya mwananchi wa Kitendaguro anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenda sokoni, na mgeni apite humo humo.

Ndugu zetu wa Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga, ambao huitazama bara kutoka majini, huenda wanaijua sura ya nchi hii kuliko sisi tunaokaa juu yake. Milima yetu imejipanga kama mistari ya daftari, ikifuatana na mwambao kutoka kaskazini kwenda kusini. Kati ya mgongo na mgongo yamelala mabonde ya matete na maji yasiyo na haraka. Mto Ngono hupita katika bonde mojawapo, ukielekea kaskazini mpaka unapokutana na Kagera, mto mkubwa kuliko yote imwagayo maji yake katika Ziwa Viktoria. Juu ya migongo ndiko viliko vibanja, migomba imesongamana na mibuni imejificha chini yake. Na kati ya kijiji na kijiji ipo rweya, nyasi tupu na upepo. Mwenye baiskeli akiufuata mgongo anaweza kwenda mwendo mrefu bila taabu kubwa. Akikata kutoka mgongo mmoja kwenda wa pili, atashuka akishikilia breki na atapanda akisukuma. Wazee wetu walilijua hilo. Ndiyo maana vijia vingi vya zamani hufuata migongo, vikateremka bondeni pale tu palipo na kivuko.

Basi kazi ya kuchora njia imekwisha kufanywa nusu na waliotutangulia. Nusu iliyobaki ni ya mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi wa Aprili udongo mwekundu wa miteremko yetu huteleza kama sabuni. Kalvati moja likizibwa, kijia kinageuka mfereji. Na katika nyanda za Ngono maji hutanda hata mtu asijue kivuko kiko wapi. Mgeni anaweza kuahirisha safari hadi Juni. Mwenye ndizi hawezi, maana mkungu ukishakomaa haungoji kiangazi.

Hivi karibuni tulipanda kwa miguu kutoka mjini, na katika kona moja tukamkuta mzee amesimama kupumua. Baiskeli yake, moja ya zile Phoenix nyeusi zilizotukuza wengi wetu, ilikuwa imebeba mikungu mitano, na gurudumu la nyuma limekwama katika ufa uliochimbwa na maji. Tulimsaidia kulinyanyua. Tukamwuliza, "Ta, ufa huu una muda gani?" Akajibu, "Tangu masika ya mwaka juzi. Waheshimiwa wamepita hapa na gari, wakaukwepa." Alisema hivyo bila hasira, akaendelea na safari yake. Sisi tuliobaki pale tuliona haya, maana ndani ya gari mojawapo huenda tulikuwamo.

Wapo watakaosema kwamba baiskeli ni chombo cha jana, kwamba leo ni zama za pikipiki. Ni kweli kwamba abiria wamehamia kwenye bodaboda. Hata hivyo mkungu wa ndizi, dumu la maji na gunia la kahawa bado vinapanda baiskeli katika vijiji vingi, kwa sababu baiskeli haili petroli. Na huyo mgeni ameiacha gari yake kwao akaja kutafuta mwendo huo huo wa polepole, ambao kwetu ni wa lazima na kwake ni starehe. Tusimcheke, fedha yake ni halali.

Tena nchi hii ina mengi ya kumwonyesha mtu aendaye polepole. Mji wa Bukoba ulianza mwaka 1890, Emin Pasha alipojenga kituo cha Wajerumani kando ya ziwa. Mwezi Juni 1915 Waingereza waliuvamia kutoka majini, wakauteka, wakaubomoa mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, kisha wakauacha umeporwa. Nje kidogo ya mji, huko Maruku, kipo kijiji cha Katuruka. Hapo katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, akiongozwa na masimulizi ya wazee wetu, alichimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa miaka 2,000 na zaidi. Watu waliofua chuma wakati huo hawakungoja kufundishwa ustaarabu na mtu yeyote. La kutia moyo zaidi ni kwamba wanakijiji wenyewe ndio waliosimama baadaye kuihifadhi sehemu hiyo na kuwapokea wageni. Baraza lao halikuanzia ofisini kwetu, nasi hatuna haki ya kujisifu kwalo.

Ukielekea kusini kutoka hapo utaifikia Kanazi, yalikokuwa makao ya Omukama Kahigi, kisha Kemondo na bandari yake. Ukifika Muhutwe, iache lami upandie Kamachumu, na utakuwa juu ya uwanda wenye hewa ya baridi, ziwa lote liko chini yako. Upande wa kaskazini-magharibi ipo Kyaka. Daraja lake lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwezi Novemba 1978, na vijana wetu walivuka mto ule kwenda kuikomboa ardhi ya Taifa. Wengi wao wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Mtoto wa shule anayeweza kuendesha baiskeli kutoka Muleba hadi Kaboya na kuyaona makaburi yale atajifunza jambo ambalo mwalimu hawezi kuliandika ubaoni. Kwa hiyo tunapotaja watalii, tusiwatazame Wazungu peke yao.

Jirani zetu wa Rwanda wamelielewa jambo hili mapema. Kando ya Ziwa Kivu waliunganisha vijia vya vijijini, vingine vikiwa ni vya wachumaji wa chai na kahawa, wakapata njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambayo watu husafiri kutoka mbali kuja kuipanda. Mwezi Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Maji ya vilima vya Kigali huteremka katika Nyabarongo, yakaingia Akagera, yakapita Rusumo na Kyaka kabla ya kufika ziwani kwetu. Mto ni huo huo na vilima ni ndugu. Tofauti ni kwamba wao waliketi wakapanga.

Hatusemi hivi kwa kupenda kuiga. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa Muleba, na kaya nyingi zimejua tangu hapo maana ya kutegemea shina moja. Bei ya kahawa hupanda na kushuka bila kutuuliza. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba na madarasa, Ihungo na Nyakato zikiwamo. Mkulima anahitaji chanzo cha pili cha shilingi. Kweli, tangu 2019 mkoa una hifadhi mpya za Taifa, Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, nazo ni fahari yetu. Lakini mtalii wa gari hulipa langoni, na vijiji anavyovipita huviachia vumbi. Wa baiskeli hawezi kuvipita vijiji. Atachoka, atakula, tairi litapasuka na atamtafuta fundi, jua litamchwea na ataomba pa kulala.

Hapa ndipo tunapotoa onyo. Pakiwa na riziki, wajanja hutangulia. Tunaogopa kusikia kesho kwamba fulani amezungushia ua kivuko cha Ngono na kuweka kizuizi cha kutoza fedha, au kwamba kampuni moja imepewa haki ya njia nzima, na vijana wa kijiji wamebaki kuchunga baiskeli za watu. Nyarubanja ilifutwa kwa sheria mwaka 1965, baada ya vizazi vya watwana kulipa kodi kwa mabwana juu ya ardhi waliyoilima kwa jasho lao. Hatutakubali nyarubanja ya pili inayovaa kofia ya utalii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeuweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Basi njia ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, ada ijulikane na hesabu zibandikwe ukutani. Na kijia kinachokatiza kibanja cha mtu kisitangazwe kabla mwenye kibanja hajakubali.

Kwa maofisa wetu tuna ombi dogo. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, hauhitaji lami kwa kazi hii. Unahitaji makalvati yaliyozibuliwa kabla ya Machi, mawe yaliyopangwa kwenye miteremko mikali, na madaraja ya miguu yenye upana wa kupitisha baiskeli iliyobeba mikungu pande zote mbili. Huo ndio upimaji wetu: daraja lisilopitisha mikungu lisikabidhiwe. Maofisa wanaohusika na utalii na ardhi wazipande njia hizi wao wenyewe, kwa baiskeli, kabla hawajaketi kuandika taarifa. Tutafurahi kwenda nao, ingawa magoti yetu si ya ujana.

Tumebakiwa na visiwa. Ramani ya njia hizi isiishie ufukweni, maana wilaya ya Muleba haiishii ufukweni. Mgeni aliyemaliza Kamachumu angependa kuvuka na baiskeli yake mpaka Bumbire, na ndugu zetu wa huko wana samaki wa kumlisha na vijia vya kumpitisha. Lakini ziwa hili tunalijua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea kwetu, ikachukua mamia ya watu, na hadi leo zipo nyumba za Bukoba ambazo mwezi Mei ni mwezi wa matanga. Mitumbwi inayowavusha wananchi kila siku imejaa kupita kiasi na haina maboya ya kutosha. Hatuoni kwa nini boya linunuliwe siku mgeni atakapokuja, ilhali mama wa Goziba anavuka leo na mtoto mgongoni. Halmashauri ianze na mitumbwi hiyo, mwalo kwa mwalo, kabla kibao cha kwanza cha baiskeli hakijasimamishwa.