Setilaiti inaona paa, haimjui mwenye nyumba

Mfanyabiashara wa Uvira au Kigoma anayepanga stoo Cibitoke, ile ya Bujumbura mjini, mara nyingi hutakiwa kulipa kodi ya miezi kadhaa mbele. Akiuliza kiwanja ni cha nani, anaonyeshwa karatasi yenye sahihi za mashahidi. Akitokea mtu mwingine na karatasi yake, mzigo uko barabarani.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haitamsaidia. Ibara ya 15 imeacha suala la ardhi na majengo chini ya sheria za kila nchi. Mchele unavuka mpaka, kiwanja hakivuki. Kwa hiyo ramani ya viwanja vya Cibitoke ni jambo letu pia, hata tusio Warundi.

Rwanda ilipiga ardhi yake picha kutoka angani, na kufikia 2013 ilikuwa imepima viwanja zaidi ya milioni 10. Lakini picha ilikuwa mwanzo tu. Wapimaji waliofunzwa vijijini walitembea mpakani na wenye ardhi, majirani wakiwa hapo hapo, wakachora mstari juu ya picha. Penye ugomvi, wakaandika kwamba pana ugomvi.

Cibitoke inaihitaji kazi hiyo ya miguu kuliko mitaa mingi. Vita vilivyoanza 1993 viliwatoa watu majumbani mwao. Atakayetoa hati kwa kutazama mapaa atampa aliyepo, na aliyekimbia atapoteza mara ya pili.

Kwenye mafuriko, sawa, picha inafanya kazi kubwa. Mvua ya Februari 2014 iliua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa mji huu. Picha za miaka tofauti zikiwekwa pamoja zinaonyesha korongo linakoelekea, na stoo isijengwe huko.

Sheria ya ardhi ya Burundi ya 2011 tayari inaruhusu komini kutoa hati. Basi ramani ikichorwa, iwekwe wazi ofisini, na mpangaji wa nchi yoyote aweze kuuliza namba ya kiwanja kabla hajatoa pesa. Ada ya kubadilisha jina nayo iwe ndogo: Rwanda kwenyewe wapo walioikwepa, wakaendelea kuuziana kwa karatasi za pembeni, na ramani ile ya gharama kubwa ikabaki na majina ya wamiliki wa zamani.